Nyumba ya Kuuzwa Kipupwe

Mwenye nyumba Lamu akitaka kuiuza huomba mnunuzi afike wakati wa kaskazi, bahari imetulia na wageni wamejaa mitaani. Lakini haja haina msimu. Rafiki yangu mmoja, yeye na nduguze walioachiwa nyumba ya mawe na marehemu baba yao, hawakuwa na budi kuiuza kipupwe, kusi likivuma na masika yameacha alama zake ukutani: kuvu ya kijani chini ya mlizamu, lipu iliyovimba mpaka usawa wa kiuno, na unga mweupe wa chumvi umwagikao ukiugusa.

Dalali alikuwa na shauri moja tu. "Bwana, piga rangi. Mnunuzi hanunui ukuta, hununua alichokiona."

Shauri hilo limeshaharibu nyumba nyingi. Nyumba zetu hizi zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Ukuta wake hunywa maji ya mvua kisha huyatoa taratibu. Ukiufunika kwa saruji au rangi ya mafuta, maji hukosa njia, chumvi hujikusanya nyuma ya lipu, na haichukui muda ukuta hutoka magamba upya.

Fundi mzee tuliyemwita aliugonga ukuta kwa kidole, akasikiliza. "Mwanangu, ukuta umelowa, nawe wataka kuuvisha koti?"

Alianza na mlizamu, maana maji yalikuwa yakitokea huko. Akaibandua lipu mbovu mpaka kwenye mawe, akaisugua chumvi kwa brashi kavu, akauacha upepo wa kusi ufanye kazi yake. Hapo ndipo nilipoijua faida ya kipupwe: upepo upo, na jua si kali la kuikausha chokaa mpya kwa pupa ikapasuka. Akapiga lipu ya chokaa na mchanga usiokuwa wa ufuoni, safu juu ya safu, nyembamba nyembamba, akamalizia kwa chokaa nyeupe.

Daka likafagiliwa, baraza zake zikasuguliwa. Mlango wa nakshi ulipanguswa vumbi ukapakwa mafuta, si rangi, kwani nakshi ikijaa rangi hupotea. Basi. Nyumba ya Lamu kwa nje ni ukuta mtupu tangu hapo, zidaka na uzuri wake vimo ndani, na mimi siwaelewi wanaoipamba nje kama hoteli. Tena mji huo umo katika orodha ya Unesco ya urithi wa dunia tangu 2001, na sura ya nje haibadilishwi bila ya idhini.

Ukuta wa nyuma fedha hazikuutosha. Dalali akasema, "Huo usiutaje." Lakini katika sheria yetu ya biashara, mwuzaji aijuaye aibu ya bidhaa yampasa aitaje, na mnunuzi aliyefichwa ana hiyari ya kuirudisha. Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika chungu ya nafaka sokoni, akakuta chini imelowa, akamuuliza mwenyewe kwa nini asiiweke juu watu waione.

Mnunuzi alikuja Agosti. Rafiki yangu alimpitisha dakani, akampeleka moja kwa moja nyuma, akauweka mkono wake juu ya ukuta ulio maji. Bei ikashuka, na nduguze wakanuna. Juma la pili mnunuzi alirudi na fundi yule yule mzee, wakaandikiana.