Bundi wa Sokoke na Matundu ya Muhugu

Ukitaka kumwona bundi wa Sokoke kwa macho yako, mtafute mchana. Usiku utaambulia sauti tu: mlio mwembamba, unaorudiwarudiwa kwa mwendo uleule, unaotoka kila upande wa kichaka usitoke popote. Waongozaji wa watalii katika msitu wa Arabuko-Sokoke, kaskazini mwa Mombasa, huusikiliza mlio huo alfajiri ili wajue jozi imelala wapi, kisha hurudi kukikagua kichaka jua likishachomoza.

Hata ukioneshwa kwa kidole, kumwona ni kazi. Bundi huyu ana urefu wa sentimita 17 hivi na uzito wa gramu 50 tu, kama yai moja la kuku. Hutua chini kabisa kwenye msongamano wa matawi, mara nyingi dume na jike wakiwa wamebanana bega kwa bega. Wakihisi mtu, hunyoosha miili, husimamisha mafungu mawili ya manyoya ya kichwani yanayofanana na masikio, na kuyafumba macho yao ya manjano mpaka ubaki mstari mwembamba. Kuna wa kijivu, wa kahawia na wa rangi ya kutu, na wote ni ndege wa aina moja. Giza likiingia hutoka kuwinda wadudu.

Kwa sayansi huyu ni ndege mgeni. Alielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1966 na Mmarekani S. Dillon Ripley, akapewa jina la Otus ireneae. Kwa miaka mingi ilidhaniwa hayupo kwingine kokote duniani, mpaka alipopatikana mwanzoni mwa miaka ya 1990 Tanzania, katika misitu ya chini ya Usambara Mashariki.

Arabuko-Sokoke una ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi, lakini bundi hakai kote. Penye mchanga mweupe na miti ya mrihi hayupo. Kwake ni kwenye udongo mwekundu, kwenye kichaka kizito cha miti ya Cynometra na muhugu. Upana wa msitu kwenye ramani, basi, usitudanganye: makazi halisi ya bundi ni karibu nusu yake tu.

Na hapo kwenye muhugu ndipo roho ya jambo hili ilipo. Bundi wa ukoo wake hawajengi viota; hutaga ndani ya matundu ya miti. Muhugu hukua polepole sana, na ukizeeka shina huwa na mapango. Lakini mbao yake ni ngumu, ina harufu nzuri, na wachonga vinyago waliipenda kwa miongo mingi. Mti mmoja unaokatwa usiku na kutolewa kimyakimya hauachi kichakani uwazi wa kuonekana kwa mbali. Ukitazama kutoka barabarani utasema msitu upo. Watafiti walipohesabu mwaka 1993, walikadiria jozi 1,000 hivi za bundi hawa Arabuko-Sokoke. Kufikia mwaka 2008 makadirio yalishuka hadi jozi 800, na kukatwa kwa muhugu kukatajwa miongoni mwa sababu.

Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa bundi ni uchuro, akilia juu ya paa kuna msiba. Huyu hana habari na mapaa. Haishi kijijini wala mjini, na akiondolewa kichakani hana pa kwenda.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukienda Malindi au Mombasa kununua kinyago, muulize muuzaji ni cha mti gani. Akikujibu muhugu, kiache. Wachongaji wengi siku hizi wanatumia mwarobaini na mwembe, miti inayopandwa na kukua upesi, na kazi yao ni safi. Nunua kinyago cha miti hiyo.