Umeme Ukikatika Nyumbani: Jenereta, Inveta au Sola?

Simu imekukuta Wattaya umechoka na kazi: "Umeme unakatika kila siku, tutumie hela ya jenereta." Ndugu yangu, usikimbilie kutuma. Bei ya dukani unalipa mara moja, lakini mafuta utaombwa kila mwezi.

Uliza kwanza mambo mawili: umeme unakatika saa ngapi kwa siku, na vitu gani lazima viwake?

Piga hesabu hivi
Taa 5 za LED za wati 9 ni wati 45. TV wati 60, feni wati 60, kuchaji simu wati 10. Jumla wati 175. Kwa saa 4 unahitaji wati-saa 700.

Jenereta
Tuseme inakula nusu lita ya petroli kwa saa. Saa 4 kwa siku ni lita 2, kwa mwezi lita 60. Zidisha kwa bei ya petroli ya huko kwenu, halafu jiulize nani atalipa. Jenereta inafaa kwa pampu au friji la biashara. Isiwashwe ndani wala karibu na dirisha, maana moshi wake una gesi isiyo na harufu, na inaua watu usingizini.

Inveta na betri
Inajichaji umeme ukiwepo, haina kelele wala mafuta. Betri ya volti 12, Ah 100 ina wati-saa 1,200. Lakini ile ya asidi usiitumie zaidi ya nusu, yaani 600, la sivyo itakufa mapema. Kwa hesabu yetu haitoshi, labda feni izimwe. Ya lithiamu unaweza kutumia asilimia 80, yaani 960. Hiyo inatosha, hata ukitoa kinachopotea kwenye inveta. Bei yake iko juu, ila inadumu zaidi. Friji ni hesabu nyingine: likianza kuwaka linavuta umeme mara kadhaa ya kawaida yake, na inveta ndogo itazima.

Sola
Umeme ukikosekana kutwa, inveta peke yake ni sanduku tu, itajichaji na nini? Watu wa Unguja wanakumbuka: kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu, kisiwa hakikupata umeme wa kebo ya kutoka Bara. Paneli ya wati 200, jua kali la saa 5, inatoa kama wati-saa 1,000. Ukitoa upotevu, mahitaji ya mfano wetu yanapatikana. Siku za mawingu punguza matumizi.

Kununua huku Oman?
Taa na feni za kuchaji zitafanya kazi nyumbani, volti zinalingana. Ila betri kubwa ya lithiamu usiiweke kwenye begi: ikizidi wati-saa 160, ndege ya abiria haiichukui. Pawabenki ibebe mkononi.

Kabla ya kutuma riali zako
Mwambie fundi aandike kila kifaa, ukubwa wake na bei yake, na upate bei za maduka mawili. Lipa duka moja kwa moja ikiwezekana, risiti na dhamana zipigwe picha utumiwe. Hela ikibana, anza na taa na simu, feni baadaye. Watoto wasome usiku kwanza, TV itasubiri.