Maabara ya kemia fizikia: kipi cha kununua, kipi cha kujitengenezea

Idara ya kemia ikipata vijisenti vya maabara, jicho hukimbilia seti kamili za Vernier au Pasco. Ni vifaa vizuri, havisumbui. Ila sensa moja hugharimu makumi ya dola, nyingine mamia, na seti moja haiwatoshi wanafunzi arobaini.

Joto ndipo penye nafuu kubwa. Sensa ya DS18B20 iliyofunikwa kwa chuma, isiyoingiza maji, huuzwa dola chache tu. Ulizia maduka ya elektroniki Kariakoo au Luthuli Avenue. Iunganishe na bodi ya Arduino, hata ile ya kuiga, nayo itasoma kwa hatua za nyuzi 0.0625. Inaweza kukosea hadi nusu nyuzi, lakini kwenye kalorimita ya vikombe vya plastiki tunatafuta tofauti ya joto, si joto lenyewe. Sioni sababu ya kulipa zaidi.

Kwenye pH, ubahili utakutokea puani. Elektrodi hutoa takriban milivolti 59 kwa kila pH moja, na Arduino Uno husoma kwa hatua za karibu milivolti 5. Piga hesabu: kutoka pH 7 hadi 8 unapata hatua kumi na mbili tu! Nunua mita ya kawaida ya mezani, na utenge fedha za elektrodi za akiba. Huchakaa baada ya mwaka au miwili, na hufa mapema zaidi zikihifadhiwa kwenye maji yaliyokenekwa badala ya myeyusho wa kloridi ya potasiamu.

Spektrofotometa ndiyo inayomeza bajeti. Kabla ya kuagiza mpya, fungua stoo. Spectronic 20, iliyoingia sokoni mwaka 1953, bado imejaa vumbi katika vyuo vingi, na pengine kilichoungua ni balbu tu. Kwa kupima kasi ya mmenyuko, taa ya LED ya njano yenye nanomita 590 hivi na sensa ya mwanga ndani ya kisanduku cheusi vinatosha: tone la GV, ile dawa ya zambarau ya vidonda, hupauka taratibu ndani ya hidroksidi ya sodiamu huku kompyuta ikichora mchoro. Kisanduku hicho hakikupi spektra, kwa hiyo mashine moja ya kweli ni lazima. Moja, si kumi.

Programu zisikutoe jasho: Python na LibreOffice ni bure, na ORCA, ya hesabu za molekuli, haiwatozi wanataaluma kitu, tofauti na Gaussian yenye leseni ya kulipia. Kinachobaki kiende kwa fundi sanifu wa maabara, ajifunze kuchomelea nyaya.