Mwangwi ni Pambo, si Neno

Wahenga walinena: mwenye kelele hana neno. Nami, ndugu msomaji, maana ya usemi huo niliipata ugenini, ndani ya gari, usiku wa baridi.

Utotoni mwetu, Mji wa Kale Mombasa, tulikuwa tukiinamia kisima na kuita majina yetu. Sauti ikirudi nzito kama ya sultani, na kila mmoja akijiona bwana mkubwa. Kumbe utamu huo hauishi utu uzimani.

Mwaka 1982 nilikuwa Cardiff, huko Wales, kwa ami yangu, baharia mstaafu aliyelowea kule. Tangu tarehe 2 Novemba 1981 serikali ya Uingereza ilikuwa imewaruhusu raia kutumia redio za CB, yaani redio za upepo za kuzungumzia garini na majumbani. Zilikuwa na njia 40: ya 9 kwa dharura, ya 14 kwa kuitana na ya 19 kwa madereva. Nguvu zake zilikuwa wati 4 tu, basi kila mtu akitafuta la kumtambulisha. Ami alinunua kisanduku cha mwangwi, akakiunga baina ya kipaza sauti na redio. Kila akisema, neno la mwisho likijirudia mara tatu, likififia kama mtu anayekwenda zake.

Fundi mmoja alinieleza siri yake. Ndani mna kidude cha aina iliyobuniwa mwaka 1969 na Sangster na Teer wa kampuni ya Philips, Uholanzi. Sauti hugeuzwa umeme, ikapokezanwa hatua kwa hatua, mfano wa watu waliojipanga kupeana ndoo za maji kuzima moto. Hatua zikiwa 4096, kwa mapigo 10,000 kila sekunde, sauti hutoka imechelewa sehemu moja ya tano ya sekunde, kisha ikachanganywa na ile ya asili.

Basi usiku mmoja tulikuwa tukirudi kutoka Newport pamoja na mzee mmoja, rafiki wa ami, mwenye pumu. Karibu na kijiji cha Castleton gari likazimika, na mzee kifua kikambana. Ami akaita katika njia ya 9. Mwanamke akajibu upesi: mko wapi? Ami akataja kijiji.

"Rudia."

Akarudia kwa kelele.

"Rudia tena, tafadhali."

Kila alivyopaza sauti ndivyo silabi zilivyopandana kama samaki ndani ya dema. Nikanyoosha mkono, nikazima kisanduku.

"Ami, sema sasa."

Akasema mara moja, kwa sauti yake mwenyewe iliyokuwa ikitetemeka. Mwanamke akafahamu. Gari la wagonjwa likaja, na mzee akapona, alhamdulillahi.

Sababu yake si ngumu. Mkia wa silabi iliyotangulia huzifunika herufi dhaifu za inayofuata, kama k, t na s. Ukumbini, masikio mawili hukusaidia kutenga sauti ya msemaji na ile iliyogonga ukuta. Redioni yote hutoka katika spika moja, sikio likakosa pa kushika.

Ami hakukitupa kisanduku. Alikibakisha kwa gumzo za jioni. Akitoka safarini alikichomoa. Naona alihukumu sawa.

Uingereza iliondoa leseni za CB mwaka 2006, nami nimerudi kwetu zamani. Lakini mwangwi nimeukuta katika vipaza sauti vya harusi zetu. Kwenye kasida hupendeza, sikatai. Ila juzi, kwenye nikahi, bwana arusi alipotamka kukubali, mashahidi wawili walitazamana. Neno lilikuwa limezama. Ilibidi alirudie.

Enyi mafundi wa mitambo, hapo tafadhalini, zimeni kisanduku. Neno linalofunga ndoa halihitaji mkia.