Kung'arisha Mdomo wa Bomba la Moshi

Gari lipitalo njia za udongo za Kaniha, wilayani Biharamulo, wakati wa kiangazi, hurudi na mdomo wa bomba la moshi, ulioundwa kwa chuma kisichoshika kutu, uliogubikwa na masizi na vumbi, ambalo ndani yake mna chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko chuma chenyewe, hata aukimbiliaye kwa kitambaa kikavu huuchora mikwaruzo kwa mkono wake mwenyewe. Sharti kwanza upoe, kisha uoshwe kwa maji mengi na sabuni, ndipo upakwe dawa laini ya kung'arishia metali, ukisuguliwa taratibu kwa kitambaa safi kufuata mkondo wa mistari ya chuma hicho. Nyuzi za chuma za kusugulia masufuria ziepukwe, kwani hukwaruza, na vipande vyake visaliapo hushika kutu, lawama ikaangukia chuma kisicho na hatia, kilindwacho na utando mwembamba utokanao na kromiamu, isiyopungua asilimia 10.5 ya uzito wa chuma hicho.