Mwendo Kasi au Mwendo wa Taratibu?

Katika vijiwe vya bodaboda vya Kahama, Katoro na Geita mjini, abiria huwajua madereva kwa mwendo wao. Yupo anayesifiwa kwa kufika kabla ya wenzake, na yupo anayetaniwa kuwa ni mzee ilhali hajatimiza miaka 30. Abiria nao wamegawanyika: mchimbaji anayewahi zamu duarani humtafuta wa kwanza, na mama aliyebeba mtoto kwenda kliniki humsubiri wa pili.

Tofauti hizo zina mizizi katika hulka. Mwanasaikolojia wa Marekani Marvin Zuckerman, aliyeanza kuzipima katika miaka ya 1960, alionyesha kuwa hamu ya msisimko haifanani baina ya watu. Huwa kali zaidi katika ujana na hupungua kadiri umri unavyosonga. Hata hivyo, dereva wa bodaboda hachagui kwa hulka peke yake. Anayeendesha pikipiki ya mtu mwingine anadaiwa hesabu kila jioni, na safari inayokwisha mapema humpa nafasi ya kutafuta nyingine. Hivyo hata mpole wa tabia hujikuta akikimbia.

Je, mbio hizo huokoa muda kiasi gani? Safari ya kilomita 10 kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa huchukua dakika 15. Kwa kilomita 80 kwa saa huchukua dakika saba na nusu. Lakini mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya mgongano huongezeka mara nne. Kugonga kitu kisichosogea kwa kilomita 40 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka kimo cha mita 6. Kwa kilomita 80, ni kimo cha mita 25. Tena, katika sekunde moja ya kushtuka kabla ya kukanyaga breki, pikipiki ya mwendo huo huwa imekwisha kupita mita 22. Kwenye barabara ya changarawe, ambako tairi halishiki vizuri, umbali wa kusimama hurefuka zaidi.

Kofia ngumu iliyofungwa vizuri hupunguza hatari ya kifo kwa takriban asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69. Hata hivyo, haiulindi mguu, nyonga wala wengu. Mfupa wa paja uliovunjika waweza kumweka kijana nje ya kazi kwa miezi kadhaa, na nyumba iliyomtegemea ikalala njaa.

Kwa hiyo mhudumu wa afya anayemfunga dereva kidonda asiishie kumkemea. Amwulize anadaiwa hesabu kiasi gani, analala saa ngapi, na kama kofia yake ina mkanda. Mwenye pikipiki naye akumbuke kuwa hesabu isiyolipika humsukuma dereva kwenye ajali.

Abiria ana sauti kuliko anavyodhani, kwa kuwa nauli imo mkononi mwake. Kabla ya kupanda, aombe kofia, akatae mishikaki, kisha aseme: "Kaka, twende taratibu, sina haraka." Dereva aliyekuwa akikimbia kwa kudhani abiria anapenda mbio atashukuru kuambiwa. Wahenga walisema: kawia ufike.