Soya Mbichi Isiyoliwa Mbichi

Kosa lilikuwa langu. Mama mmoja alimleta kliniki mtoto wake wa mwaka mmoja na nusu, ambaye uzito wake ulikuwa umesimama kwa miezi miwili. Nilimshauri apande soya nyumbani na kumlisha mtoto "soya mbichi". Nilikusudia maana tuitumiayo tunaposema mahindi mabichi, yaani yale yasiyokauka. Yeye alichukua maana ya pili, iliyo sahihi vilevile: isiyopikwa. Wala hakungoja bustani. Alinunua soya kavu sokoni, akaisaga, akawa anakoroga vijiko viwili vya unga huo katika uji uliokwisha kuepuliwa. Aliporudi baada ya wiki tatu, mtoto alikuwa anaharisha na amepungua.

"Daktari, si ulisema mbichi?" aliniuliza.

Soya isiyopikwa ina viambato vinavyozuia tripsini, kimeng'enya cha kongosho kinachovunja protini utumboni. Protini imo, lakini mwili wa mtoto haunufaiki nayo ipasavyo, na tumbo huchafuka. Maji yanayotokota hupunguza sana nguvu ya viambato hivyo. Ndiyo sababu soya kavu ya uji wa lishe huchemshwa kwa nusu saa hivi, huambuliwa maganda na kuanikwa hadi ikauke kabisa, ndipo isagwe. Na hata baada ya hapo unga wake hupikwa pamoja na uji, haunyunyizwi juu yake. Si kila muuza unga wa lishe hufuata hatua hizo. Muulize kabla ya kununua.

Soya ya kijani huondoa sehemu kubwa ya kazi hiyo, kwa kuwa hutoka shambani hadi sufuriani bila kusagwa. Wajapani huiita edamame, yaani maharage ya tawini, nao huichemsha na maganda yake kwa maji ya chumvi. Ni soya ileile inayolimwa Ruvuma na Mbeya. Tofauti kubwa ni wakati wa kuichuma, ingawa zipo aina zilizochaguliwa kwa ukubwa wa punje na utamu. Gramu 100 za punje za kijani zilizopikwa zina protini gramu 12 hivi, pamoja na foleti nyingi, inayohitajiwa sana na wanawake walio katika umri wa kuzaa.

Mimi huipanda nyuma ya nyumba, Dar es Salaam, mvua zinapoanza. Mbegu ya soya haidumu katika joto na unyevu wa pwani, kwa hiyo kwanza hufunga punje kumi katika kitambaa chenye maji. Zikiota chini ya saba, natafuta mbegu nyingine. Siziloweki kabla ya kupanda, maana hupasuka. Kina ni sentimita tatu, mstari hadi mstari nusu mita, shina hadi shina sentimita kumi. Kuku wa jirani ni adui mkubwa kuliko mdudu yeyote katika wiki mbili za kwanza.

Mche ukitimiza mwezi na nusu, ng'oa mmoja utazame mizizi. Vinundu vikipasuliwa na kuonekana vya waridi ndani, bakteria wanafanya kazi ya kuvuta naitrojeni kutoka hewani. Pasipo vinundu, ambalo ni jambo la kawaida katika udongo usiowahi kupandwa soya, ongeza samadi iliyooza vizuri, na msimu ujao mwulize bwana shamba juu ya bakteria wa kuchanganya na mbegu. Maji yasikosekane tangu maua yanapotoka hadi punje zinapojaa.

Mwaka wa kwanza nilichelewa kuchuma. Nilisafiri kwa wiki moja na nusu, nikarudi nikakuta maganda ya manjano na punje ngumu. Kwa kawaida, siku 75 hadi 100 baada ya kupanda, punje hukaribia kugusana ndani ya ganda ambalo bado ni la kijani kibichi. Kuanzia hapo una wiki moja hivi.

Ninachemsha maganda kwa dakika kumi tangu maji yanapotokota tena, kisha ninatoa punje; ganda lenye vinyweleo haliliwi. Mtoto mdogo apondewe, kwani punje nzima yaweza kumpalia. Aliye chini ya miezi sita hahitaji chochote zaidi ya maziwa ya mama, na mtoto mwenye utapiamlo mkali hatibiwi kwa soya: aletwe hospitali siku hiyohiyo. Mgonjwa anayetumia levothairoksini kwa tezi ya shingo aache saa nne kati ya kidonge na soya. Anayetumia warfarini asianze ghafla kula nyingi bila kumweleza daktari wake, kwa sababu ya vitamini K iliyomo.

Mama yule alipanda mistari miwili. Mtoto alikwisha kuacha kuharisha tangu unga ule ulipoondolewa, na kabla ya mavuno uzito wake ulianza kupanda kwa mayai, dagaa na uji uliopikwa vizuri. Soya ilikuja baadaye. Aliacha mashina matatu yakauke kwa ajili ya mbegu. Mbegu hizo anazihifadhi katika chupa iliyofungwa, na juu yake ameandika kwa wino mwekundu: "Ya kupanda, si ya uji."